Seva Aliyoifungua Népo

Jumatatu, 9 Februari

Docteur Consolée, mkuu wa kliniki, ameniambia niandike. Kila siku, nimefanya nini, kwa sababu gani, nimeweka wapi. "Andika kila kitu, Nsimire. Yule wa kwanza hakuandika." Yule wa kwanza ni mume wangu.

Basi naandika, kwa ajili yako wewe utakayekalia kiti hiki siku nitakapokuwa sipo. Kliniki yetu iko mtaa wa Mutanga Sud na inatibu watu wanaoishi na virusi. Tuna seva mbili. Ya zamani aliijenga Népomuscène, Népo kwa wote, aliyefariki Septemba kwa presha akiwa kwenye foleni ya mafuta. Ya pili ni mpya, bado iko kwenye kartoni, na kazi yangu ni kuijenga.

Tatizo ni hili. Diski ya seva ya zamani imefungwa kwa neno la siri, na neno hilo linaulizwa mara moja tu, mashine inapowashwa. Népo aliliandika mara ya mwisho mwezi wa nane, na tangu hapo mashine haijazimika. Hakumwambia mtu. Nimetafuta kwenye simu yake, kwenye mifuko ya makoti yake, hata ndani ya Biblia yake, hakuna. Nakala za akiba nazo alizifunga kwa neno hilohilo. Mashine ikizimika hata kidogo, haifunguki tena, na mafaili yote ya wagonjwa yamekwenda.

Kwenye mazishi walimsifu kwa ibanga. Warundi wanalipenda neno hilo. Mtu wa ibanga ukimpa siri inakufa naye. Mimi ni Mshi wa Bukavu, kwetu tunaongea, lakini nilikaa kimya nikapokea rambirambi.

Jumanne, 10 Februari

Mvua. Umeme umekatika mara mbili. Betri imeshika.

Alhamisi, 12 Februari

Utauliza kwa nini nisibadilishe hilo neno la siri wakati mashine ingali wazi. Kwa sababu sina ruhusa. Népo alinipa jina la kuingilia la kawaida: nasoma mafaili, nanakili, basi. Mwenye mamlaka ndani ya ile mashine ni mmoja tu, naye yuko makaburini.

Hata kunakili alikuwekea mipaka. Mafaili yanatoka polepole, ili mwizi asiweze kuyabeba yote kwa siku moja. Na jina langu linaingia saa za kazi tu, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Fleshi haiitaki kabisa. Nilikuwa namtania kwamba kwa kujihami hivi angefaa kuoa gereza. Mwizi hakuja. Nimekuja mimi.

Kuna jambo moja dogo, nalisema lisije likakushangaza. Ukiingia kwa jina langu baada ya saa sita mchana, kabla ya kitu kingine chochote, kwenye kioo panatokea maneno haya: *Nsimire, umeshakula?* Aliyaandika yeye, utani wa kazini. Nimeingia leo saa saba, imeniuliza. Nimeendelea na kazi.

Jumanne, 17 Februari

Nimeanza na seva mpya. Nimeweka Linux, kama Népo. Mfumo huu haukupi nyumba iliyokwisha kujengwa, unakupa matofali na kukuuliza unataka vyumba vingapi. Nimetaka vichache. Hakuna picha, hakuna kipanya, hakuna programu ya muziki wala ya kuchapisha. Kila kitu kisicho na kazi nimekitoa, kwa sababu kila programu ni mlango, na mlango usioutumia ndio unaousahau wazi.

Umakini huu una sababu. Ndani ya mafaili haya mna majina ya Kiriri, watu wa magari yenye vioo vyeusi, ambayo yakitoka yatavunja harusi zaidi ya moja. Mna majina ya akina mama wanaouza ndagala, dagaa wa ziwani, huko Kajaga, ambao yakitoka hakuna atakayenunua kwao tena.

Ijumaa, 20 Februari

Leo nimefunga milango yote ya mtandao kwenye seva mpya, kisha nikagundua nimeufunga na ule niliopitia mimi mwenyewe. Ilibidi nibebe kibodi na kioo mpaka kwenye kabati ya seva, nimfungulie mwenye nyumba, yaani mimi. Amissi, mtu wetu wa jenereta, alicheka mpaka akakaa chini.

"Madamu, ata mwizi anaacha fasi ya kutokea."

Amissi ni Mswahili wa Buyenzi, domo kaya wa kwanza katika jiji hili. Kabla hujamaliza kumsalimia ameshakuambia nani kaoa na nani kafukuzwa. Sina nguvu ya kumsikiliza.

Andika hili: ruhusu mlango wako kwanza, ndipo ufunge mingine.

Jumanne, 24 Februari

Mgonjwa mpya kwenye benchi, kumbe si mpya. Esperance, wa Uvira. Alitibiwa hapa zamani, akarudi kwao, na Desemba amevuka tena mpaka akikimbia vita, na nguo alizovaa tu. Hajui majina ya dawa zake, anajua rangi tu. "Ile nyeupe ilinikataa, ya njano pia. Ile ya mwisho ilikuwa nzuri, lakini sikumbuki ilikuwa namna gani."

Faili lake lipo kwenye seva ya zamani. Nimelifungua, Docteur amesoma, amempa dawa yake. Bila hilo tungemrudisha kwenye zile ambazo mwili wake ulishazikataa, na muda wa kubahatisha hana.

Docteur alibaki amesimama nyuma yangu. "Nsimire, wako wangapi kama huyu?"

"Wengi, Docteur."

"Na hii mashine, ikizima leo?"

Nilikuwa namwona Docteur anapenda mafaili kuliko watu. Leo nimemwona akijifuta jasho wakati mvua inanyesha na baridi ipo.

Jumatatu, 2 Machi

Kunakili kumeanza. Imeniuliza kama nimeshakula.

Alhamisi, 5 Machi

Mabukwe amefika kutoka Ngozi, na kikapu na mwavuli. Ndivyo ninavyomwita mama mkwe, mama Dévote. Amekuja kuandaa kuganduka, siku ya kumaliza kilio. Hapa mtu akifa hammziki mkamaliza. Mnaingia kwenye kilio, na siku moja familia inaitana, inakunywa, inatangaza kwamba mambo ya marehemu yamefungwa na walio hai warudi kwenye maisha yao. Tumepanga baada ya Pasaka, Jumamosi ya tarehe kumi na nane Aprili.

Ananiongelesha Kirundi, mimi namjibu nusu Kirundi nusu Kiswahili, tunaelewana. Haongei sana. Tangu mazishi sijamwona akilia, nami hajaniona. Nadhani kila mmoja anamhesabia mwenzake.

Usiku wa leo amesema maharage hayana chumvi. Nilikuwa nimeshamaliza sahani, sikujua.

Jumatano, 11 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kunakili kumekwenda nusu. Seva mpya ilizimika kwa umeme, haidhuru, hiyo funguo zake ninazo. Kunakili kunaanzia palipokatikia. Ya zamani tu ndiyo hairuhusiwi kuzimika. Betri yake imezeeka. Zamani ilishika asubuhi nzima, sasa haimalizi hata misa.

Watu wananiambia *wihangane*, jikaze. Najikaza vizuri mno. Asubuhi naoga, navaa, nafanya kazi, narudi. Nikijikagua ndani sikuti kitu. Sisemi hivi ili nionewe huruma, nasema tu jinsi kulivyo.

Jumatatu, 16 Machi

Neno la siri la seva mpya. Docteur alitaka alishike yeye. Nimekataa, nikakataa na kulishika mimi. Tumeligawa. Yeye ametunga nusu yake, mimi yangu; mashine ikiwashwa anaandika yake nikiwa nimegeuka, kisha mimi naandika yangu akiwa amegeuka. Tumelijaribu mara nyingi kama watoto wanaocheza kibe.

"Na mmoja akikufa?" ameuliza Docteur.

Nimemwambia kila mmoja atafute mtu wa pili wa kumwambia nusu yake. Yeye amepata papo hapo, dada yake. Mimi nimekaa nikifikiri nimwambie nani, nikakosa.

Ijumaa, 20 Machi

Bado hakuna wa kumwambia.

Jumatano, 25 Machi

Umeme uliondoka Jumatatu jioni na haujarudi. Wanasema mvua imeangusha nguzo huko mlimani. Mtaa mzima uko gizani. Si kitu kigeni, ila mwezi huu mafuta nayo hayapo.

Amissi amefanya kazi ambayo sikujua anaiweza. Haachi jenereta ingurume siku nzima. Anaiwasha, betri inajaa, anaizima, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akitazama taa ya betri, na ikianza kupepesa anaiwasha tena. Amekuwa hivyo tangu Jumatatu. Analala palepale, chini ya paa la bati. Na hakuwa akiongea. Saa tisa alasiri alikuja mlangoni akiwa na kofia mkononi.

"Madamu, mazutu inaisha. Iko nabaki ya kufikisha usiku, asubui sijue."

"Na kwenye station?"

"Nimeenda fasi yote. Watu banalala mu magari, na pompe iko kavu. Nimeuliza ata kwa bale banauzisha ku njia, apana."

Nilitazama kioo. Robo ya mafaili ilikuwa bado, maana kila umeme ukikatika seva mpya ilizimika na siku ikapotea. Kwa mwendo aliouweka Népo, robo hiyo ilitaka siku nne za kazi. Nilituma ujumbe kwa kila mtu niliyemjua mwenye jenereta. Wawili walijibu kwamba nao wanatafuta. Saa kumi na moja ilipogonga mashine ilinitoa nje, kama alivyoiagiza, na kunakili kukasimama mpaka kesho, kama kesho ingekuwepo. Nilimchukia. Nilikaa mbele ya kioo kile nikamchukia mume wangu aliyekufa, taratibu tu, bila kupandisha sauti.

Nyumbani Mabukwe alikuwa amepika ubugali na mboga ya lengalenga. Shemeji yangu Loïc alikuwepo, ndiye anayesimamia shughuli. Kwenye kona ya sebule zilikuwa bido mbili, madumu makubwa ya mazutu, Loïc kazitafuta kwa wiki tatu, za basi la kuwaleta wazee kutoka Ngozi siku ya kuganduka. Nilikuwa napita karibu nazo kila siku. Nakuapia, hazikuwahi kunijia akilini kama mafuta. Zilikuwa mali ya kilio.

Mabukwe aliniuliza kwa nini nimekaa na tonge mkononi. Nikamweleza, kwa maneno machache, bila kumwomba kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo mashine, ni yeye aliyeifungua?"

"Ni yeye, Mabukwe."

"Na hakuna mwingine anayejua kuifungua."

"Hakuna."

Alinyoosha kidole kwenye kona. "Loïc, zibebe."

Loïc aliacha kula. "Mama, hizo ni za wazee. Nani atasema maneno kama wazee hawako? Watu watatuambia nini?"

"Wazee walikuja kumzika. Walimwona akiingia chini. Inatosha." Alivuta sahani yake. "Hao wagonjwa walimfanya nini?"

Loïc alipakia bido kwenye pikipiki, moja mbele, moja nyuma, mvua ikimpiga. Amissi alipoziona alinipigia simu. Alisema neno moja tu, *alhamdulillah*, akakata.

Mabukwe nilikuwa namdhania ni jiwe. Naandika hapa kwamba nilikosea, nikalale.

Alhamisi, 26 Machi

Betri imeshika. Kunakili kunakwenda.

Ijumaa, 27 Machi

Umeme umerudi saa nne asubuhi. Amissi amepiga usingizi kwenye benchi la wagonjwa, hakuna aliyemwamsha. Bido moja bado haijaguswa.

Jumanne, 31 Machi

Imekwisha. Nimelinganisha kila faili la zamani na la kwake jipya, hakuna hata moja lililopungua. Esperance yumo, wa Kiriri wamo, wa Kajaga wamo. Docteur amekuja, ameangalia, amenishika bega, akasema kwa Kifaransa kwamba hatasahau. Kisha akasema, "Basi ile ya zamani uizime. Tusichome mafuta ya bure."

Nimesema bado nahakiki. Nimesema uongo. Saa saba iliniuliza kama nimeshakula.

Ijumaa, 3 Aprili

Ijumaa Kuu. Umeme ulikatika wakati wa njia ya msalaba. Nilimpigia Amissi awashe. Akawasha, kwa mazutu ya Mabukwe.

Alhamisi, 9 Aprili

Leo nimejaribu kitu. Kwenye seva mpya, kwenye jina langu, nimeandika maneno yale yale yatokee saa zile zile. Ni mistari miwili, mtoto anaweza. Nikatoka, nikaingia. *Nsimire, umeshakula?* Nikaangalia. Ni mimi niliyeuliza. Nimeyafuta.

Jumatatu, 13 Aprili

Amissi amesimama mlangoni tena.

"Madamu, unisamehe. Ile ya zamani, kazi yake haikuisha?"

"Bado nahakiki."

Aliniangalia. Nilingoja maneno, maana huyu bwana hana breki. "Sawa," akasema. "Mi nitawasha mpaka utaniambia." Wala sijasikia mtaani kwamba amelisema kwa mtu.

Jumamosi, 18 Aprili

Kuganduka. Mvua ilitupa nafasi ya alasiri.

Walikuja wachache. Majirani, watu wa kliniki, binamu wawili wa hapa jijini. Wa Ngozi wamebaki Ngozi. Vinywaji vilizidi watu. Kwa kuwa wazee hawakuwepo, aliyezungumza ni binamu mmoja anayefanya kazi serikalini, na alizungumza kama mtu anayefungua daraja. Alimsifu Népo kwa bidii, kwa imani, kisha akafika pale nilipojua atafika. "Na zaidi ya yote, alikuwa mtu wa ibanga. Alichokijua, alikwenda nacho." Watu wakapiga makofi.

Mabukwe alisimama. Mwanamke hasimami pale, nami nilidhani anakwenda jikoni. Alishika kiti kilichokuwa mbele yake.

"Baba yake alikuwa mtu wa ibanga," alisema. "Alikufa hajaniambia mpaka wa shamba letu unapita wapi. Majirani wakanionyesha wanakotaka wao, nikakosa la kusema. Huyu naye amekwenda na lake, na mke wake amehangaika mvua nzima kama mtu anayebeba maji kwenye kiganja. Mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza. Msimsifu kwa hilo. Msifuni kwa mengine, yapo."

Akakaa. Binamu alikohoa, akatangaza kwamba kilio kimekwisha na mambo ya marehemu yamefungwa. Watu wakaitikia, chupa zikafunguliwa.

Yamefungwa yote, isipokuwa moja. Nilikuwa na bia mkononi na uso ukiniwaka kwa aibu.

Jumatatu, 20 Aprili

Mabukwe anarudi Ngozi kesho. Amesema anataka kuona mafuta yake yalikwenda wapi. Nimempeleka kliniki mchana, amewasalimia wote kwa mikono miwili, hata Amissi. Nikamfungulia chumba cha seva.

Aliweka kiganja juu ya mashine ya zamani.

"Ina joto."

"Iko inafanya kazi, Mabukwe."

"Kazi gani?"

Nikajifanya nanyoosha waya.

"Ilimaliza lini?"

"Kabla ya Pasaka," nilisema. "Nimeunguza mafuta yako bure. Nisamehe."

Hakuondoa mkono. "Kule nyumbani natandika kitanda chake kila Jumamosi," alisema. "Shuka zinachakaa kwa kufuliwa tu." Kisha akauliza ninachokiogopa ni nini.

Niliwasha kioo, nikaingia kwa jina langu. Ilikuwa saa saba kasoro. Maneno yakatokea. Mabukwe hajui kusoma. Akaniuliza pameandikwa nini, nikamsomea.

"Hayo ni maneno yangu," alisema. "Alikuwa akirudi shule namuuliza hivyo, hata kabla hajavua viatu." Akakisogelea kioo, akakitazama kama anayetazama picha. "Na wewe unamjibu nini?"

"Hapana pa kujibia, Mabukwe. Inauliza tu."

"Mtu akikuuliza unamjibu. Mjibu."

Niliona haya. Chumba kilikuwa kidogo, feni inavuma, Amissi yuko nje ya mlango. Nikasema, "Bado." Sauti haikutoka vizuri. Nikasema tena, "Bado, Népo. Sijala."

Mabukwe aliniuliza inazimiwa wapi. Nikamwonyesha kitufe. Akakibonyeza yeye, akakishikilia kama nilivyomwelekeza, mpaka feni ikapungua, ikapungua, ikanyamaza. Kioo kikawa cheusi. Sijui nililia kwa muda gani. Alinishika kwa nyuma, kichwa chake mgongoni kwangu, ni mfupi, naye analia.

"Haya," alisema baadaye. "Twende ukale."

Tulikula kwa mama anayeuza chakula pale kona, ubugali na ndagala.

Kwako wewe utakayekuja: seva ya zamani imezimwa leo mchana, usihangaike kuiwasha, haitafunguka. Ya mpya inafunguliwa na Docteur na mimi. Nusu yangu ya neno la siri nimemwambia Amissi, na nimemwambia asinyamaze nalo siku nikiwa sipo. Jioni umeme umekatika, akaniuliza awashe jenereta, nikamwambia aende nyumbani.

Ndagala zilikuwa zimezidi chumvi. Nilimwambia yule mama, akakasirika.